Mpangaji Kachelewesha Kodi, Nawe Ndiyo Kwanza Umeanza Kupangisha

Nilipowaambia watu kwamba naanza kupangisha, ushauri niliopata ulikuwa wa aina moja: kaza. Mzee mmoja aliyenitangulia miaka mingi katika kazi hii aliniambia nisizoeane na wapangaji, nisicheke nao, na siku kodi ikichelewa nigonge mlango alfajiri kabla hawajatoka kwenda kazini. Mwingine alinisisitizia nijiwekee ufunguo wa akiba wa kila mlango, na kufuli moja kubwa stoo. Wote wawili walinitakia mema. Ila mimi nimeishi kwenye nyumba za watu zaidi ya nusu ya umri wangu, na najua vizuri mpangaji anavyofanya anapopigiwa simu na mwenye nyumba wa namna hiyo. Anaiangalia simu inavyoita mpaka inakatika, kisha anarudi nyumbani usiku wa manane na hawashi taa.

Mpangaji anayekukimbia halipi. Na akishakukimbia hujui kama kafukuzwa kazi, kafiwa, mshahara umekwama, au kanunua televisheni. Bila kujua hayo huwezi kuamua lolote la maana, unabaki kukasirika tu.

Nyumba yangu imegawanywa sehemu nne, kila moja ina mlango wake na mita yake. Haya namwandikia mtu mwenye mlango mmoja au miwili, mwenye mkataba aliounakili kwa rafiki, ambaye mwezi huu tarehe imepita na simu yake haijaleta ujumbe wa muamala. Mwenye maghorofa ana wanasheria wake, hanihitaji mimi.

Tuanze na hesabu. Chukua mpangaji ambaye kodi inakula theluthi moja ya kipato chake, jambo la kawaida kabisa, maana wengine inawala zaidi ya hapo. Akikosa mwezi mmoja, mwezi unaofuata anadaiwa theluthi mbili. Theluthi inayobaki ale, aende kazini, alipie watoto, umeme, maji na dawa. Haiwezekani, hata awe mwaminifu kiasi gani. Akikosa miezi miwili, mwezi wa tatu anadaiwa asilimia 100 ya kipato chake. Mwenye nyumba anayesimama mlangoni siku hiyo na kusema "nataka pesa yangu yote leo" anadai kitu ambacho mwenzake hana pa kukitoa.

Sasa ligawe lile deni la mwezi mmoja mara nne. Kila mwezi mpangaji analipa kodi yake ya kawaida, asilimia 33 ya kipato, na juu yake robo ya deni, asilimia 8 hivi. Jumla inakaribia 42. Inauma lakini inalipika. Deni la miezi mitatu kwa mwendo huohuo linahitaji mwaka mzima kumalizika, na ndani ya mwaka mzima lazima kitatokea kingine cha kuvuruga mipango. Ndiyo maana sipotezi usingizi kwa kodi iliyochelewa siku chache. Ninachokipigania ni deni lisivuke kuingia mwezi wa pili kabla mimi na mpangaji hatujazungumza. Likifika miezi mitatu, mara nyingi mazungumzo yenyewe yanakuwa ya kuhama.

Kwa hiyo karibu kila ninachofanya kimo ndani ya wiki moja.

Siku chache kabla ya tarehe, wapangaji wote wanapata ujumbe uleule, anayelipa mapema na anayechelewa: "Habari za leo. Kodi ya mwezi huu ni tarehe 5. Ukiona kuna ugumu niambie kabla ya tarehe hiyo, tupange." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inamruhusu mtu kusema hana wakati bado hajavunja ahadi yoyote. Akishavuka tarehe anaingiwa na aibu, na mwenye aibu hapokei simu.

Tarehe ikipita nasubiri siku za nyongeza zilizomo kwenye mkataba, mimi niliweka 3, halafu naandika tena, safari hii kwake peke yake. Nataja mwezi, nataja kiasi, na nauliza: "Utalipa lini, na kwa kuanzia utatoa kiasi gani?" Kwa nini amechelewa siulizi. Akitaka kunieleza atanieleza, na mara nyingi hunieleza, lakini nikitanguliza hilo swali nakuwa nimemwomba hadithi. Nikimuuliza lini na kiasi gani, hata mwenye nia ya kunidanganya itabidi anidanganye kwa tarehe, na tarehe huwa zinafika.

Simu napiga baada ya ujumbe, maana ujumbe unabaki na maneno ya simu hayabaki. Mlangoni naenda mwisho kabisa, tena mchana, na sitaji deni mbele ya mtoto, mgeni wala jirani. Kundi letu la wapangaji kwenye simu ni la mambo ya maji na takataka, deni la mtu haliandikwi humo. Niliwahi kupanga mahali ambapo mwenye nyumba alibandika ukutani orodha ya wadaiwa, majina na viwango. Waliotajwa hawakulipa haraka zaidi. Waliokuwa wanalipa vizuri ndio walioanza kuuliza uliza nyumba nyingine.

Mpangaji wangu mmoja ni fundi cherehani. Mwezi mmoja alikuwa ameshona sare nyingi kwa mkopo na walioagiza hawajamlipa. Ujumbe wangu aliujibu jioni ileile.

"Kaka, samahani sana. Kuna pesa nadai. Ikiingia tu nakulipa yote."

"Itaingia lini, dada?"

"Kwa kweli sijui. Walisema wiki hii."

"Basi hiyo tuiweke pembeni. Leo una kiasi gani ambacho ukikitoa hamtalala njaa?"

Alikuwa na kama robo ya kodi. Nikamwambia atume hiyo robo, na iliyobaki tuigawe. Kwanza hakuniamini. Alipokuwa kapanga kabla ya kuja kwangu, aliniambia, kodi pungufu ilikuwa hairuhusiwi, ulete yote au usilete kitu. Wenye nyumba wengi wanafanya hivyo na wanaona ndiyo heshima ya kazi. Mimi naona wanajipunja. Pesa ambayo mpangaji anayo leo ukiikataa, haitakaa inakungoja. Anadaiwa pia dukani, anadaiwa ada, ana ndugu mgonjwa. Yupo mwingine atakayeipokea bila kuuliza kama ni pungufu. (Kuna wakati mmoja ambapo kupokea pesa kunaweza kukuponza, nitaufikia.)

Makubaliano ya kulipa kwa mafungu tunayaandika. Hayahitaji mhuri. Yangu ni mistari michache: anadaiwa kiasi gani na ni cha mwezi upi, atalipa kiasi gani tarehe zipi, mafungu hayo ni juu ya kodi ya kawaida ya kila mwezi, akiona fungu limekwama ataniambia kabla ya tarehe yake, na mkataba wa awali unabaki vilevile. Tunatia sahihi wote wawili, au namtumia na yeye anajibu kwamba amekubali. Huo mstari wa "juu ya kodi ya kawaida" usiuache. Bila huo mpangaji atalipa deni la mwezi uliopita kwa pesa ya mwezi huu, nyote mtafurahi, na mwisho wa mwezi deni liko palepale, limebadilika jina tu.

Kiasi cha fungu namwachia aseme mwenyewe, halafu mara nyingi nakishusha. Unaweza kushangaa, lakini mtu mwenye aibu huahidi makubwa. Yule dada alitaka kumaliza yote ndani ya wiki mbili. Nilimuuliza hizo pesa za sare zisipoingia atafanyaje, akanyamaza. Tukakubaliana miezi mitatu. Fungu la kwanza likishindikana, mpangaji anarudi kwenye kuzima taa na mimi naanza kumwona mwongo, kumbe kosa lilikuwa kwenye ukubwa wa fungu.

Kabla ya kupangisha nilikuwa karani wa stoo, hivyo daftari kwangu ni mazoea. Kila mlango una kurasa zake: tarehe, mwezi unaolipiwa, kiasi kilichotakiwa, kilichoingia, kinachobaki, namba ya muamala, na nani katuma. Safu ya mwisho inaonekana ya ziada mpaka siku pesa itakapoingia kwa jina usilolijua. Mpangaji kamwomba shemeji yake amlipie, au bosi wake kamlipia moja kwa moja na kukata kwenye mshahara. Usipouliza siku hiyohiyo, baada ya nusu mwaka mtakuwa mnabishana juu ya malipo ambayo kweli yalifanyika na hakuna anayeweza kuyaonyesha.

Kwenye risiti andika pesa ni ya mwezi gani. Kutoandika hivyo ndicho chanzo cha ugomvi mwingi kuliko hata pesa yenyewe kukosekana. Mpangaji mwenye deni la mwezi uliopita anatuma kodi kamili mwezi huu. Kwake yeye mwezi huu umelipwa na deni lile la zamani mtalizungumza. Kwako wewe pesa imeziba deni la zamani na mwezi huu haujalipwa. Wote mna hoja. Desturi ya wengi ni kwamba pesa huanza kuziba deni kongwe, lakini desturi isikutoshe, iweke kwenye mkataba na uirudie kwenye risiti. Anayelipa taslimu anapata risiti palepale, nakala moja yake na moja yangu, hata kama kaleta kiasi kidogo cha kuonea haya. Na kila mwisho wa mwezi mwenye deni namtumia salio. Salio likiwa linashuka, lenyewe linamtia moyo kuliko maneno yangu.

Kuna kuchelewa ambako si deni. Mlango wa pili anakaa mlinzi ambaye tangu aingie alikuwa analipa nyuma ya tarehe, kila mwezi, siku zilezile. Ukimtazama kwa jicho la yule mzee wa kugonga alfajiri, huyu ni mpangaji msumbufu. Ukilifungua daftari unaona kitu kingine, kwamba hajawahi kukosa hata mwezi. Kampuni yake inalipa mishahara baada ya tarehe 10, na sisi kwenye mkataba tulikuwa tumeandika 5 kwa sababu mkataba niliounakili ulikuwa na 5. Tulihamisha tarehe ikawa 12 kwa nyongeza ya ukurasa mmoja, akalipia zile siku za katikati, na tangu hapo hachelewi. Kwa wapangaji wa biashara ndogo, ambao pesa inaingia kidogo kidogo, nusu mwanzoni mwa mwezi na nusu katikati hufanya kazi nzuri kuliko kodi nzima kwa mkupuo. Kwangu mimi ni mistari miwili ya daftari badala ya mmoja.

Faini ya kuchelewa sitozi. Jirani yangu anatoza na anasema inamsaidia, na ninamwamini, kwa wasahaulifu inaweza kusaidia. Kwa asiye na pesa, faini ni kumwongezea asichonacho. Ukiamua kuiweka, iwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kwa sababu faini uliyoibuni baada ya mtu kuchelewa haina mguu wa kusimama, na iwe ndogo. Nchi nyingi zina mipaka, na mahakama hazipendi faini inayozidi mbali hasara uliyoipata kweli.

Halafu kuna lile ombi ambalo kila mwenye nyumba atalisikia: "Si unayo dipoziti yangu? Kata humo." Linasikika la haki kabisa. Pesa ni ya mpangaji, deni ni la mpangaji, tatizo liko wapi? Liko kwamba dipoziti ni ya siku ya kuondoka, kwa ajili ya mlango uliovunjwa, bili za maji alizoziacha, na kodi ya mwisho ambayo hatailipa. Ukiila katikati ya safari, kuanzia siku hiyo una mpangaji ambaye juzi alishindwa kulipa na leo huna dhamana yake yoyote. Kumwambia aijaze upya ni maneno, angekuwa nayo angelipa kodi. Tena katika nchi kadhaa hiyo dipoziti si yako kuichezea, sheria inataka ikae kwenye akaunti ya peke yake au kwenye mfuko maalumu. Mimi hukubali kuigusa kama tu mpangaji ameshanipa taarifa ya kuhama kwa maandishi na nimeshaingia nyumbani nikaona hali yake.

Kuhusu "silipi mpaka bomba litengenezwe", ushauri wangu ni mfupi: nenda ukaliangalie bomba leo. Baadhi ya nchi zinamruhusu mpangaji kuzuia au kupunguza kodi kwa utaratibu fulani, nyingine hazimruhusu hata kidogo. Vyovyote iwavyo, mwenye nyumba anayeomba msaada wa sheria huku paa lake linavuja ataulizwa kwanza habari za paa. Tengeneza, piga picha, weka risiti ya fundi, halafu rudi kwenye kodi ukiwa na jambo moja tu mezani. Na mpangaji asitengeneze mwenyewe na kukata kwenye kodi bila kuafikiana kabla, kwa maandishi na kwa kiasi kilichotajwa.

Waliopanga wawili wakiachana ni habari nyingine. Kwangu walikuwa ndugu wawili, mdogo akapata kazi mbali akaondoka. Mkubwa alinitumia nusu ya kodi akiwa na amani kabisa moyoni, kwamba sehemu yake amelipa. Mkataba wangu unasema wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa kodi yote, na wote wawili walisaini, kwa hiyo kisheria nusu haikutosha. Lakini kuwa na haki hakukumwongezea mshahara. Nilimuuliza swali moja: ukikaa peke yako utaiweza? Akasema hapana. Basi akapewa muda wa kutafuta mwenzake mwingine, ambaye naye angesaini mkataba mpya, na asipompata aondoke bila kudaiwa miezi iliyobaki. Alimpata. Sehemu ngumu ilikuwa kumweleza mama yao kwa simu kwa nini simdai yule aliyeondoka.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na mtu bado halipi. Sijaribu kusoma moyo wake kama hana au hataki. Wenye nyumba tunapenda sana kulijadili hilo, nani mkorofi na nani ana shida, na jibu halibadilishi kinachofuata. Nina kanuni moja: makubaliano ya maandishi yakivunjwa mara mbili bila taarifa, naandika notisi. Naandika hata kama nampenda, hata kama watoto wake wananiita babu.

Notisi ni waraka wa kisheria na inataka utulivu. Itaje jina la mpangaji na nyumba, deni mwezi kwa mwezi, kifungu cha mkataba kilichovunjwa, tarehe ya mwisho ya kulipa au kuondoka, na namna ya kulipa. Idadi ya siku unazotakiwa kumpa inatofautiana nchi hadi nchi, na notisi iliyopungua siku moja inaweza kutupwa yote ukaanza upya. Mpe mkononi mbele ya shahidi, asaini kwamba kaipokea, ubaki na nakala. Akikataa kusaini, andika kwamba kakataa na shahidi asaini. Kabla ya kuipeleka mwonyeshe mtu anayeijua sheria ya upangaji ya hapo ulipo. Hapa ndipo palipo na ule wakati niliosema kupokea pesa kunaweza kukuponza. Katika baadhi ya nchi, ukimpa mpangaji notisi kisha ukapokea kodi yake, inaweza kuchukuliwa kwamba umeifuta notisi mwenyewe. Uliza kwanza ndipo upokee.

Na ile kufuli ya stoo iache stoo. Katika nchi nyingi mpangaji hatolewi ndani ila kwa amri ya mahakama au baraza linalohusika, hata kama mkataba umekwisha na deni ni la wazi. Kumfungia mlango, kung'oa mlango, kumkatia maji na umeme, kutupa vyombo vyake nje, kuishika televisheni yake mpaka alipe, yote hayo yanaweza kukugeuza wewe uliyekuwa unadai ukawa unadaiwa fidia, na mahali pengine ni kosa la jinai. Kifungu cha mkataba kinachosema "mwenye nyumba ataruhusiwa kufunga mlango" hakikulindi, kwa sababu sheria haifutwi kwa sahihi za watu wawili. Ule ufunguo wa akiba ninao. Ni wa siku bomba litakapopasuka na mpangaji yuko mbali, naye ananipa ruhusa kwa simu.

Kabla ya kwenda mahakamani kuna mlango mwingine ambao wengi wanauona wa kijinga: msamehe aondoke. Piga hesabu. Mpangaji amepoteza kazi na ana deni la miezi miwili. Akiondoka mwisho wa mwezi huu, umepoteza miwili. Kesi ikichukua miezi minne, umepoteza sita pamoja na gharama zake, na mwisho wake unashika hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu cha kukamata. Nilifanya hivyo kwa kijana mmoja ambaye kazi yake iliisha ghafla. Tuliandika tarehe ya kuondoka, hali ya nyumba atakayoiacha, na kwamba deni linasamehewa siku atakayokabidhi funguo, si kabla. Yule mzee aliposikia alinicheka sana: amekula kodi yako halafu unamsindikiza? Nilipaka rangi, nikapangisha tena. Na mzee mwenyewe bado ana kesi na mpangaji wake.

Kitu kimoja zaidi, ambacho hakimhusu mpangaji kabisa. Mwenye nyumba ambaye rejesho lake la benki linategemea kodi ya mlango mmoja, na tarehe zake zinafuatana, hawezi kufanya lolote katika haya niliyoyaandika. Atadai kwa hofu, na hofu inasikika kwenye simu. Mimi hesabu zangu za mwaka nazipiga kwa miezi 11 tangu mwanzo, ule wa 12 nauchukulia kwamba hautalipwa na mtu fulani, na kinachobaki kila mwezi kinaenda kwenye akaunti nisiyoigusa mpaka kitoshe marejesho ya miezi mitatu. Kilikuwa bado hakijatosha fundi cherehani alipokwama, lakini kilinipa nafasi ya kumwambia miezi mitatu bila sauti kutetemeka. Kama hesabu yako haisimami kwa miezi 11, basi tatizo lako halijaanza na mpangaji.

Kupata mpangaji mwingine nimebadili maswali. Mshahara nauliza, na ushahidi wake nauona. Mwenye nyumba ninayempigia simu si huyu wa sasa. Huyu wa sasa, kama mpangaji ni msumbufu, anaweza kummwagia sifa ili amwondokee. Nampigia wa kabla yake, ambaye hana cha kupata wala kupoteza, na ninamuuliza jambo moja dogo: alipochelewa, alikutafuta au ulimtafuta? Kisha mpangaji mwenyewe namuuliza mwezi ukikwama ataniambiaje. Wengi wanasema hautakwama. Hao siwakatai, ila nawarudishia swali.

Wa mwisho kuja alikuwa muuguzi, nyumba ya mlango wa nne. Alijibu kwamba ataniandikia wiki moja kabla na kuniomba nimvumilie mpaka siku ya mshahara. Nikampa mkataba akausome kwake. Aliurudisha siku ya pili umejaa kalamu nyekundu, akitaka kujua kwa nini siku za nyongeza ni 3 wakati benki yake ikipokea malipo Ijumaa jioni inayapeleka Jumatatu au Jumanne. Tukaandika 5, na nikaenda kubadilisha kwenye mikataba ya wale wengine.